Mkate wa Mavuno Ulioingia kwa Mlango wa Mbele

Duka la Mikate la Trembath,
Mtaa wa Juu,
Tregarrow,
Cornwall.

2 Oktoba, 1986

Mpendwa Shangazi Loveday,

Pokea salamu tele kutoka kijijini ulikozaliwa. U hali gani huko Moonta, ng'ambo ya bahari? Goti lako linaendeleaje, na mumeo, Mzee Digory, ameacha kupanda ngazi kuchuma malimau, au bado anajiona kijana? Huko kwenu maua ndiyo yanaanza kuchanua, huku kwetu majani yanaanguka na mvua inanyesha ya kukera. Mimi ni mzima wa afya. Baba naye ni mzima, kifua chake kimetulia tangu Agosti. Paka wa duka ndiye mgonjwa, kwa ulafi wake mwenyewe.

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata, nikaisoma nimekaa juu ya gunia la unga, nikacheka na kulia. Umeniuliza swali moja kwa wino mzito kuliko mengine, kama sasa namwabudu Shetani. La hasha, Shangazi! Shetani ni wenu nyinyi wa kanisani, sisi wa Wicca hatuna hata kiti cha kumkalisha. Tunaye Mungu wa kike na Mungu wa kiume. Huyo wa kiume ana pembe, ndiyo, lakini usishtuke, ni pembe za kulungu. Tunashika majira ya mwaka, mbegu na mavuno, mwezi unavyojaa na kupungua. Sheria yetu kubwa ni kutomdhuru mtu. Watu wanatuita wachawi, na jina hilo hatulikimbii.

Uliuliza pia ni nani aliyeniteka. Hakuna aliyeniteka. Unamkumbuka Ysella Hocking, muuguzi aliyekuwa akizunguka vijijini kwa baiskeli? Ndiye aliyemuuguza Mama mpaka mwisho. Baada ya mazishi alikuwa akija dukani kununua mkate na kukaa nami kidogo, bila kunihubiria neno. Ni mimi niliyemwuliza anaamini nini, maana nilimwona ana amani ambayo sikuwa nayo. Aliponipeleka kilimani asubuhi ya kwanza ya Mei, sikukuu yetu, nikasimama katika duara lao, miguu peku kwenye umande, jua likichomoza, nilijihisi nimefika nyumbani. Sikuwahi kulichukia kanisa, Shangazi. Nimekaa benchi la tatu tangu nikiwa mtoto, nyimbo zote ninazijua kwa moyo. Ila siku zote roho yangu ilikuwa inatoka dirishani.

Nikajifunza mwaka mmoja na siku moja, kama ilivyo desturi yetu, na mwezi wa pili nikaingizwa rasmi. Sasa kazi ikabaki moja, kumwambia kaka yako.

Nilichagua siku mbaya kuliko zote. Jumapili ya Pasaka! Baba alikuwa ametoka kuhubiri, nyama ya kondoo iko mezani, mchuzi unatoa moshi, na mimi nikaona nikikawia nitakosa ujasiri. Nikasema. Baba akaweka uma chini. Unamjua, hapigi kelele. Alisimama akasema, "Mkate wa mkono wako hautapita koo langu, Wenna, mpaka siku utakapopita tena mlango wa kanisa letu." Kisha akaenda kulisha kuku. Nyama ililiwa na paka, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa unene wake.

Nilidhani ni hasira za siku mbili. Shangazi, kaka yako ni jiwe! Mtu aliyekula mkate wa tanuri hili tangu alipoota meno alianza kupanda basi kwenda Redruth kununua ule mkate wa kiwandani, uliokatwakatwa, uliofungwa kwenye plastiki, mweupe na laini kama sifongo. Na hakuuficha. Alipita mbele ya dirisha langu ameunyanyua mkononi, mgongo umenyooka, ili nione mimi na wateja wangu wote. Watu walicheka. Mimi nilicheka mchana, na jioni nikifunga duka nilikuwa nalia. Ananisalimu, ndiyo, "habari ya asubuhi," kama anavyomsalimu mtu wa posta.

Ningeweza kumaliza mambo kirahisi. Kuingia Jumapili moja, kukaa nyuma, kutoka. Ysella mwenyewe alinitania, "Si mlango tu, mwenzangu? Ingia, utoke, mzee ale." Lakini Baba angedhani nimerudi, naye angefurahi, na furaha hiyo ingekuwa ya uongo niliomlisha mimi. Nilimtaka baba yangu na niliitaka dini yangu, vyote viwili, mchana kweupe. Nikasema kama siwezi kuvipata hivyo, basi nitakaa na kidonda changu.

Sasa tuje kwenye mkate wa mavuno. Najua huko bado mnautamani. Tangu enzi za bibi, duka letu ndilo linalouoka kwa ajili ya Jumapili ya Mavuno, ule mkubwa wenye umbo la mganda wa ngano, masuke yamechomoza, kamba ya unga imefungwa kiunoni, na panya mdogo anapanda bua. Mama ndiye aliyenifundisha panya. Mkia mwembamba uliosokotwa, macho ya zabibu kavu. Kila mwaka alimweka mahali tofauti, na watoto wa kanisa walikuwa hawatulii mpaka wamemwona.

Mwezi wa nane wazee wa kanisa wakakutana. Mmoja wao, Bi Thirza Angove, alikuwa ametuona kilimani asubuhi ya Mei mwaka huu, tumevaa mataji ya maua, naye habari haikai tumboni mwake. Wakaamua kwamba mkate wa Mungu hauwezi kutoka kwenye tanuri la mchawi. Baba alikuwepo kikaoni. Niliambiwa kwamba alikaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, na kimya hicho ndicho kilichoniuma kuliko uamuzi wenyewe. Bi Thirza akajitolea kuuoka yeye.

Jumamosi iliyopita, saa za alasiri, nikasikia mlango wa nyuma unabishwa. Bi Thirza! Amevaa kofia ya kanisani, unga mpaka kwenye nyusi, kapu limefunikwa kitambaa.

"Umeniroga," akasema, kabla hata ya salamu.

"Karibu, Bi Thirza. Nimekuroga nini?"

Akafunua kapu. Shangazi, nilishika meza nisianguke. Alikuwa ametumia unga wa mkate wa kula, wenye hamira tele! Wewe umekulia duka hili, unajua mganda hukandwa kwa hamira ya kunusa tu na chumvi ya kutisha, ukae jinsi ulivyouumba, maana ni wa kutazamwa, si wa kuliwa. Wa Bi Thirza ulikuwa umefura tanurini. Masuke yote yamevimba yakashikana, mganda umekuwa kondoo aliyelala. Na panya wake amekuwa paka.

"Si mimi," nikamwambia. "Huyo ni hamira."

"Usinicheke, wewe mtoto."

"Sicheki." Nilikuwa nacheka.

Akaketi kwenye gunia, akajipepea kwa kofia. Akaniomba nioke mwingine, autoe yeye kwa mlango wa nyuma giza likianza, na kesho yake aseme ni kazi yake. "Hakuna atakayejua," akasema. "Hata baba yako."

Nilimwambia hivi, mwenyewe nikajishangaa. "Nitauoka, Bi Thirza, na sitaki asante. Lakini nitaubeba mwenyewe. Utatoka kwa mlango wa mbele wa duka langu na kuingia kwa mlango wa mbele wa kanisa lenu, watu wote wakiona, na kidani cha dini yangu kitakuwa shingoni."

Macho yakamtoka. "Na hiyo nyota yako?"

"Na hii nyota yangu, pembe zote tano."

Akamtazama yule kondoo wake kapuni. Mwishowe akasema, "Basi angalau chana nywele." Nikajua nimeshinda nusu.

Nikauoka. Mikono ilikumbuka kila kitu. Nilimweka panya juu kabisa, karibu na kamba, mahali alipomweka Mama katika mkate wake wa mwisho.

Jumapili asubuhi nikautoa. Uzito wake unaujua, lazima uubebe kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Mtaa wa Juu wote walikuwa milangoni. Bwana Pascoe wa duka la nyama alivua kofia, sijui alidhani ni jeneza. Ysella alisimama kando ya lango la kanisa na baiskeli yake, akanikonyeza, hakuingia. Mimi nikapiga moyo konde, nikausukuma mlango kwa nyonga.

Walikuwa katikati ya wimbo. Kwanza wakanyamaza wa nyuma, kisha wa katikati, na mwishoni akabaki mpiga kinanda peke yake, ambaye haoni vizuri, akiendelea hadi mwisho wa ubeti. Nikatembea. Maboga, matofaa, vitunguu, mahindi, vyote vimepangwa mbele, na mahali pa mkate pako wazi. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Haya, mchawi kaja!" Na Bi Thirza, Mungu wake na wangu wambariki, akageuka akamjibu, "Nyamaza, wewe ulileta nyanya za kopo!"

Baba alikuwa mimbarini. Hakujua lolote, nakuapia. Alishuka ngazi polepole, akasimama mbele yangu, tukiwa na mkate katikati yetu. Akakitazama kidani. Akanitazama usoni.

"Umerudi, Wenna?"

Hapo ndipo neno moja la uongo lingenipa kila kitu. "Sijarudi, Baba," nikamwambia. "Mimi ni wa Wicca, na nitabaki wa Wicca. Nimeleta mkate."

Kanisa zima lilisikia. Baba akainamisha kichwa, nikaona amemwona panya. Akamgusa mkia kwa kidole, ule mkia mwembamba wa Mama. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kuhubiri, ili hata wa mabenchi ya mwisho wasikie:

"Sikusema urudi. Nilisema upite mlango."

Akamvunja panya. Akamtia mdomoni.

Shangazi, mganda wa mavuno hauliwi! Ni chumvi tupu, ni mgumu kuliko kisigino cha kiatu. Mtoto mmoja akapiga yowe, "Mhubiri kamla panya!" na kanisa likalipuka. Baba alitafuna. Alitafuna na machozi yakamtoka, sijui ya chumvi au ya nini, uso mwekundu, taya zinakwenda, na hakutema. Bi Thirza alikimbia na glasi ya maji aliyokuwa ametia maua. Baba alimeza, akayanywa maji yote, akaniwekea mkono begani, mzito kama zamani. "Mama yako angenipiga kwa chepe la tanuri," akanong'ona. Halafu akawageukia wenzake, "Endeleeni kuimba, mnatazama nini?"

Nililia pale pale mbele ya maboga, na sikuona aibu. Wimbo ulipoanza tena niliuimba wote, kwa kuwa ni wa mavuno na mavuno ni yetu sote. Kisha nikatoka kwa mlango ule ule, huru, nikamkuta Ysella anacheza dansi na baiskeli yake.

Jumatatu, duka likiwa limejaa, Baba akaja akapanga foleni kama watu wengine. Ilipofika zamu yake akaomba mkate mmoja mkubwa, akaukandamiza kwa kidole gumba, akaunusa, akaukata kipande na kula pale pale.

"Bado nakuombea urudi," akasema.

"Nami nakuwashia mshumaa, Baba."

Akatafuna kidogo, akifikiri. "Wa rangi gani?"

"Wa kijani. Kwa ajili ya kifua chako."

"Hm," akasema. "Kinaendelea vizuri." Akalipa, akaondoka na mkate chini ya kwapa. Ile mikate ya plastiki iliyobaki nyumbani kwake kuku wameikataa.

Hizo ndizo habari zangu, Shangazi. Uliniandikia nisipoteze baba kwa ajili ya dini. Nimebaki na vyote viwili, na sikumdanganya mtu.

Msalimie Mzee Digory na umfiche ngazi. Wasalimie binamu zangu Kitto na Senara, mwambie Senara skonzi zake za zafarani zinahitaji siagi zaidi, zile alizonitumia picha zake zinaonekana kavu. Baba anakusalimu, anasema atakuandikia mwenyewe, lakini usimngoje.

Ubarikiwe, Shangazi. Neno hili tunalitumia sisi na mnalitumia nyinyi, kwa hiyo lipokee mara mbili.

Anayekupenda na kukukumbuka kila anapokanda unga,

Wenna Trembath,
mwoka mikate wa kanisa la Tregarrow, na mchawi.