Skrini Inasema Imeunganishwa

Jumatatu, 3 Machi

Ruta ya hospitali, kisanduku cha kugawa mtandao, imekufa rasmi. Mpya iko "kwenye mchakato" – yaani sahau. Daktari mkuu kaniita: majibu ya maabara yatafikaje wodini? Nikajitapa. Laptopu mbili kuukuu, mfumo wa Linux, zitaongea zenyewe kwa zenyewe hewani, ruta ya nini? Akasema haya, tuone. Domo langu hili litaniponza siku moja.

Jumanne, 4 Machi

Kadi ya waifai ya laptopu ya wodi ni balaa. Draiva, programu ya kuiendesha, iliyokuja na mfumo haijui kabisa habari za kuunganisha mashine kwa mashine bila ruta. Nimepata nyingine, imeandikwa na watu wa kujitolea. Nimeijenga, ikagoma. Nimeijenga tena, ikagoma. Nyoo!

Mzee wa maabara kaniletea chai, akauliza kama mgonjwa wangu ataamka. Amebakiza miezi miwili astaafu. Miaka yote hii majibu ameyapeleka kwa miguu, karatasi mkononi, akikatiza uani hata mvua ikinyesha. Ananiita binti yangu.

Alhamisi, 6 Machi

IMEKUBALI! Laptopu zote mbili kwenye meza ya maabara, ubavu kwa ubavu. Faili linawekwa huku, linatokea kule, papo hapo. Nimeruka kama mtoto.

Kwenye jukwaa la mafundi kuna mtu anaonya: zipe zote mbili namba moja ya utambulisho wa mtandao, uifunge isibadilike, la sivyo zikipotezana kila moja itaanzisha mtandao wake kwa jina lilelile. Nitafanya Jumatatu. Leo niko hoi.

Jioni nikabeba moja hadi wodini. Skrini: imeunganishwa. Mama wa kitanda cha sita, aliyelazwa kwa figo, akaniuliza: hiyo televisheni, mwanangu? Si utuwekee mpira! Wodi nzima ikacheka. Nikarudi kumwambia mzee apumzishe miguu yake, karatasi basi. Akasita. Atajuaje kama wameyapata? Nikamjibu: mzee wangu, ukiona imeunganishwa, yamefika.

Ijumaa, 7 Machi

Mama wa kitanda cha sita amefariki. Saa kumi alasiri. Potasiamu ilipanda mno, moyo ukasimama.

Muuguzi mkuu wa wodi anasema wamekodolea macho ile laptopu tangu asubuhi, folda tupu, wakajua kipimo bado hakijatoka. Mzee anaapa aliyaweka majibu saa tatu. Wamegombana uani mbele za watu. Muuguzi akamwambia: hizi kompyuta huziwezi, kubali tu! Mzee kageuka, karudi maabara.

Daktari mkuu kaniuliza mimi: mtambo ulikuwa sawa? Nikasema ulikuwa umeunganishwa. Ndivyo nilivyosema.

Jumapili, 9 Machi

Nimekuja kazini peke yangu. Nimefungua kumbukumbu za mashine zote mbili.

Jina moja. Namba mbili.

Zilipotezana palepale Alhamisi, nilipovuka uani. Ya wodi ikaanzisha mtandao wake, ya maabara ikabaki na wake, kila moja inajitangaza imeunganishwa – na nani? Na nafsi yake! Faili la yule mama liko maabara. Saa tatu na dakika kumi. Potasiamu saba nukta mbili. Mzee alifanya kazi yake.

Mezani nilijaribu mara ishirini. Kutoka wodini, hata mara moja sikujaribu. Na ule mstari wa kufunga namba – mstari mmoja! – nimeuandika leo kwa dakika mbili. Nimemuua mtu kwa uvivu, basi.

Jumatatu, 10 Machi

Korido ya utawala. Mimi na mzee kwenye benchi, tunangoja kuitwa na kamati ya uchunguzi. Kavaa koti lake jipya, limepigwa pasi. Maelezo yote nimeyachapa, yako mfukoni mwangu.

Nikafungua mdomo nimwambie. Akaniwahi. Usihangaike, binti yangu, mashine zako hazina kosa, nimewaza na kuwazua, nitakuwa nilibonyeza pabaya. Akanipigapiga begani. Mimi! Nikashindwa kusema. Woga mtupu.

Kaitwa yeye kwanza. Ukuta ni wa mbao, kila kitu kinasikika. Anasema alibonyeza pabaya. Anawaomba radhi watoto wa marehemu. Kuna mwanamke analia humo ndani. Mtu anamuuliza kama anajua maana yake ni kuondoka bila kungoja kustaafu. Anasema anajua.

Katibu muhtasi katoka. Anasema kamati imeridhika, hawanihitaji tena, niende nikaendelee na kazi zangu. Nikamjibu ahsante. Mlango kauacha wazi. Naona mgongo wa mzee, kainama, anatafuta mahali pa kuweka sahihi.

Katibu ananiuliza naandika nini, na mbona siendi.