Njia ya Kiboko ya Kwenda Kilimani

Jumatatu, 4 Juni 1956

Korongo wamerudi bwawani — arobaini na zaidi! Namshukuru Mungu. Lakini Uweso, mwenye mpunga kando ya barabara ya Horohoro, amekuja na hasira iliyo halali. Kiboko jike na mwanawe wamemlia majaruba mawili. Nimemwomba radhi. Amekwisha kumwarifu Bwana Nyama, afisa wa wanyama wa pori, naye Ijumaa atakuja na bunduki. Miaka tisa niangaliayo hifadhi hii, sijapoteza kiboko kwa risasi.

Jumanne, 5 Juni

Nimefuata nyayo. Kosa ni langu. Kiboko hushinda bwawani. Usiku hupanda kula nyasi za kilimani. Matete yameziba njia yake, ndipo anazungukia mpungani. Zamani wanawake wa kijiji waliyakata kila kiangazi, kwa kujengea nyua zao — hadi mwaka jana nilipowakataza kwa tangazo, nikijiona mlinzi hodari. Ee Mungu, unisamehe.

Nimekwenda kwa Mwatumu, mkubwa wao. Akanipokea: shikamoo, mzee Zebedayo. Ulipotufukuza tulidhani umemposa yule kiboko, unamwonea wivu! Nikacheka. Tangu mke wangu Lea azikwe sijacheka hivyo. Nikamwomba radhi. Akasema radhi haijengi ua, lakini kesho watakuja na mapanga.

Alhamisi, 7 Juni

Siku ya pili wanakata. Huanzia chini wakipiga debe, ili kiboko asogee maji ya juu. Kumbe utaratibu huo wanao tangu kwa bibi zao, nami sikuuliza! Njia imefika mguu wa kilima.

Ijumaa, 8 Juni

Nyayo mbichi, kubwa na ndogo, zimepanda kilimani! Mpungani hakuna hata moja. Nimepiga magoti palepale topeni.

Bwana Nyama amefika, wanawake wangali majini. Amezitazama nyayo, bunduki ameirudisha garini — Mungu ambariki. Kisha akalisoma tangazo langu: aingiaye kukata atashitakiwa, mwangalizi atakayemruhusu ataachishwa kazi. Akauliza: nani aliyewaruhusu? Mwatumu akawahi: hakuna, bwana, tumeingia wenyewe, mzee kalala. Wenzake wakadakia: kalala fofofo!

Ameniagiza nilete daftari, niandike majina ya wenye kosa. Ninalo hapa mezani. Nyumba hii ni ya kazi, nyingine sina. Wanangoja nje, wamelowa hadi kiunoni, na bado wanataniana. Wema huu sikuustahili.

Nimeandika jina la kwanza: Zebedayo —