Karibu, Mgeni

Shoga, niko chooni hapa kazini. Usinipige, soma tu.

Meneja mpya kapita kwenye meza zetu. Kampuni kubwa hivi, mameneja wanabadilishwa kama nguo, huyu ni wa tatu tangu uolewe. Kanipa mkono, akasema, "Karibu, mgeni. Utatuzoea tu."

Mgeni. Mimi. Mimi niliyewafundisha kazi wote waliokaa pale.

Nikangoja mmoja wao acheke, aseme, "Bosi, huyu ndiye mwenyeji wetu." Wapi! Kila mtu na kompyuta yake.

Zamani ningewaka, unanijua. Leo nimesikia mdomo wangu ukisema, "Asante, nimeshakaribia."

Akauliza, "Umepangiwa kitengo gani?"

Shoga, nimemjibu bado sijapangiwa.

Na hakuna aliyebisha.