Mtani, Kocha Alimwanzisha Lwazi

Mtani,

Kocha alimwanzisha Lwazi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza habari za mkeo. Fainali ilichezwa wiki mbili baada ya kukuzika. Nilikaa palepale petu, kwenye majani nyuma ya goli, nikaweka koti langu upande wako. Mwanafunzi mmoja akataka kukaa hapo, nikamwambia pana mtu. Sikujua nimesema nini mpaka alipokwisha kuondoka.

Nakumbuka tulivyoanza. Binti yako Ruth alipopata nafasi chuoni, ulisema baba lazima aone mahali mwanawe anaposoma. Ukaenda kuona maktaba, ukakuta uwanja. Wewe fundi rangi wa maghorofa ya South Beach huku kwa Wazulu, mtu wa darasa la saba kutoka Songea, ndani ya mwezi mmoja ikawa "timu yetu", na mimi ukaniburuta. Kila Jumamosi mchana nikawa nafunga kibanda changu cha kutengeneza simu. Wateja walinuna, halafu wakazoea, wakawa wanakuja Ijumaa.

Kisha ukaja ubishi wa namba kumi. Kocha alikuwa ameshachukua kombe misimu miwili mfululizo akiwa na Sizwe katikati, yule mrefu wa mwaka wa nne, anayepokea mpira, anasimama, anatazama kushoto, anatazama kulia, kama mtu anayetafuta miwani yake. Na kwenye benchi amekaa Lwazi wa mwaka wa kwanza, mwenye chenga za kumkalisha beki chini. Uwanja mzima uligawanyika. Karibu wanafunzi wote walikuwa upande wangu: Lwazi aanze. Upande wa kocha ulikuwepo wewe na ovaroli lako lililojaa rangi za nyumba za Morningside. "Kocha anayeshinda haulizwi," ndiyo ilikuwa hoja yako ya kwanza na ya mwisho. Nikakujibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukasema tembo lenyewe nimelinywa misimu miwili na sikuwahi kurudisha kata. Wanafunzi hawakuelewa Kiswahili chetu, lakini walicheka kwa jinsi ulivyosimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukipaka hewa kana kwamba pana ukuta mbele yako.

Siku moja tu ulinieleza bila mzaha, tukielekea kituo cha teksi. Ulisema Lwazi anacheza vizuri timu ikiwa inashinda, lakini Sizwe hucheza vilevile siku zote. "Mtu wa katikati anawekwa kwa ajili ya siku mbaya," ulisema. Nikakwambia hayo ni maneno ya mtu aliyeanza kuzeeka. Nisamehe kwa hilo. Ulikuwa na miaka hamsini na moja tu.

Alhamisi baada ya nusu fainali ulijisikia vibaya kazini, ukakaa chini upumzike, hukuinuka tena. Walisema ni presha. Nilipigiwa nikiwa nimeifungua simu ya mtu, skrubu zote ziko mezani, na mpaka leo sijui niliifungaje.

Sasa nifike kwenye lile ninaloona aibu kuliandika.

Wewe Mngoni, mimi Mnyamwezi. Miaka kumi na minne hatukuwahi kusalimiana kistaarabu. Uliniita mpagazi, nami nikakukumbusha kwamba babu zako walitoka hukuhuku wakipigana njia nzima mpaka Songea, wewe ukarudi na kopo la rangi. Na tuliahidiana, kama watani wanavyoahidiana, kwamba atakayetangulia, mwenzake atamtania msibani: atamwigiza, atalizuia jeneza, wafiwa wapate kucheka kidogo katikati ya kilio. Kwetu msiba usio na mtani ni kama mtu ametupwa. Basi nikavaa ovaroli lako. Jeneza lilipokuwa linatoka nikasimama katikati ya mlango wa ukumbi, mkono mmoja kiunoni, nikaanza kupaka hewa. Nikasema kwa sauti yako kwamba siendi popote mpaka huyu Maganga amwombe kocha radhi. Halafu kwa sauti yangu nikasema Mngoni amefika kwao, sasa apunguze kelele.

Hakuna aliyecheka. Ukumbi ulijaa watu wa kanisa la mkeo, karibu wote Wakongo. Sisi Watanzania tulikuwa watatu, na wale wenzangu wawili walikuwa wanatazama viatu vyao. Miaka yote ile haikuwahi kunijia akilini kwamba Mama Ruth ni mtu wa Bukavu, na utani wetu hakuna aliyewahi kumweleza. Tulitukanana sebuleni kwake, akatupikia, akadhani ni tabia zetu tu. Mchungaji alinishika bega. Mama Ruth akanitazama, akasema polepole, "Papa, kilio ya bwana yangu umeigeuza théâtre."

Nilivua ovaroli nje, karibu na magari, nikalibeba kwapani. Makaburini nilisimama nyuma kabisa, sikurusha hata udongo. Baada ya hapo kila nikipiga simu haipokelewi. Nilipeleka mchele na mafuta, Ruth akavipokea mlangoni, akashukuru, akafunga. Wewe ulinitoka Alhamisi, na nyumba yako nikaipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikawa nakulaumu, Mtani. Kwa nini hukumwambia mkeo? Halafu nikajiuliza kwa nini mimi sikumwambia, nami nilikula ugali wake miaka kumi na minne.

Turudi kwenye fainali. Jina la Lwazi liliposomwa nilishangilia, nakiri. Nilishangilia, nikageuka upande wako nikuchome, nikakuta koti. Dakika ya kumi tukafungwa la kwanza, na hapo yule kijana akapotea. Akataka kusawazisha peke yake, anapiga chenga watu watatu, wa nne anamnyang'anya. Sizwe aliingia tukiwa tumeshafungwa matatu. Alipokea mpira, akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, akapiga pasi. Hakukuwa tena na kitu cha kuokoa, lakini aligawa vilevile, kama siku ya kombe. Tulimaliza matatu bila.

Filimbi ilipolia, wanafunzi wakaanza kuimba kwamba kocha aondoke. Walewale waliokuwa wakiimba kwamba Lwazi aanze. Nikasimama. Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha kibandani kwamba msimu mzima mmemlilia Lwazi, leo mmepewa Lwazi, na bado mnataka kichwa cha mtu. Nikawaambia huyu kawapa makombe mawili, na wakati anawapa hakuna aliyemuuliza. Mmoja akaniita mjomba kwa Kizulu, "Eish, malume, hata wewe?" Nikaendelea. Nilikuwa nimefika mbali ndipo nikagundua mkono wangu uko kiunoni na ule mwingine unapaka hewa.

Ruth alikuwa nyuma yangu. Sikujua kama amekuja. Alicheka, kicheko kikubwa kabisa, halafu akakaa kwenye majani akalia mpaka mabega yakatikisika. Sikukusudia, nakuapia. Mara hii sikuwa naigiza.

Jumanne Mama Ruth akaja kibandani. Alivaa nyeusi, amekonda. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasubiri mpaka nibaki peke yangu. Akasema, "Ruth alinambia alisikia baba yake kule kwenye mpira." Akaniuliza, "Ile mambo ulifanya siku ile, kwenu njo heshima?" Nikamwambia ndiyo, mama. Nikamweleza utani ni nini, nikamwambia kwamba asiyependwa hataniwi, anazikwa tu. Akawa anazungusha pete yake.

Halafu akasema, "Nimeanza kusahau sauti yake. Nikifunga macho naona sura, sauti hapana. Siku ya Mungu tunamaliza matanga. Kuya na ile nguo yake ya kazi."

Kwa hiyo Jumapili hii nitakwenda, na ninaogopa kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza nilikuwa natimiza ahadi, sikumtazama mtu. Safari hii atakuwepo mtu mmoja anayenisikiliza kila neno, atakayetambua kila mahali nitakapokosea, niwe mimi badala ya wewe. Nimekuwa nikijaribu hapa kibandani wateja wakiondoka. Kukohoa kwako kabla ya kubisha nimekupata. Kicheko bado.

Kuhusu Sizwe ulikuwa sahihi. Jumapili mbele ya watu sitalikubali, maana mtani hakubali, na ungenidharau nikikubali. Nalikubali hapa, kwenye karatasi, baina yetu.

Nakuahidi sitakupamba. Watakusikia ulivyo, na ubishi wako wote, na Kizulu chako kibovu. Nakuahidi pia kwamba mkeo hatakaa tena akitazama mambo yetu bila mtu wa kumweleza.

Unajua sijalia bado? Watu wameona ajabu, hata Ruth aliniuliza. Mtani halii kazi yake ikiwa haijaisha. Jumapili nitavaa nguo zako, mkeo akusikie mara moja tena. Nitazivua, nizikunje, nimkabidhi mikononi. Halafu, Osmund, nitatoka nje nikulilie kama watu wengine.

Nenda salama.

Maganga