Kushoto kwa baba mkwe

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu umeikalia Tukuyu hadi humjui mwenzio mpaka akusalimie. Vidole vimekufa ganzi hapa intaneti kafe, khanga imelowa, na moyo wangu uko vibaya.

Wiki hii nilipanga kuwaandikia, wasomaji wangu, habari ya diski mpya. Mume wangu aliniletea kutoka Mbeya, gemu ya bunduki iliyotengenezwa makusudi ifanane na zile za zamani: picha za mrabamraba, korido za kijivu, mkono mmoja umeshika bunduki chini ya kioo. Nimeicheza kwa jirani na imeniudhi. Ni ya zamani kwa sura tu. Mazimwi yanamwagwa kama siafu, risasi haziishi, na muziki unapigwa juu ya kila kitu hadi hujui nani anakujia kutoka wapi.

Gemu za zamani nazo zilikuwa na ubaya wake. Unazunguka nusu siku kutafuta ufunguo mmoja, na hadithi yenyewe mtoto wa chekechea angeona aibu kuisimulia. Lakini zilikufundisha kusikiliza. Zimwi likiwa kushoto, linakoroma kwenye spika ya kushoto. Ukiumwa, umejitakia.

Nilidhani nitaishia hapo leo. Ila sina tena hamu ya diski ile.

Baba mkwe wangu alikuja kwetu kutoka kijijini kwake Masoko kutibiwa presha. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Simwoni, hanioni, hatusemeshani. Wasomaji wangu wa Dar mtacheka, na hapa mjini pia wengi wameshaacha, hata mchungaji alisema si dhambi kuacha. Mzee wangu yeye hajaacha. Anakohoa kabla hajatoka sebuleni, nami nakimbilia nyuma ya mlango wa jiko. Chakula naweka kwenye stuli koridoni, nagonga, naondoka.

Ili asichoke kukaa, mume wangu alimfundisha gemu yangu ya zamani, kisha akaondoka na lori la ndizi kwenda Dar. Mzee akaipenda. Mimi nikabaki jikoni kumenya ndizi na kumsikiliza mtu mwingine akicheza gemu yangu, na ukuta wetu ni wa mbao, kila kitu kinasikika. Niseme kweli, niliona wivu.

Halafu nikaanza kusikia kitu.

Zimwi la kulia analiua mara moja, mzee ana shabaha. La kushoto linakoroma, linasogea, linakoroma tena, naye hageuki. Kila akifa, ameuawa kutoka kushoto. Mwanzoni nikadhani waya wa spika umelegea, lakini mbona mimi nilikuwa nalisikia hadi jikoni? Nikajiambia ni uzee, nikaendelea na ndizi zangu.

Jana nikaichukua sahani yake koridoni. Ndizi za upande wa kulia zimekwisha, za kushoto hazijaguswa, kama mtu kapiga mstari katikati. Na mimi siku zote nilikuwa nanung'unika kwamba mzee hapendi mapishi yangu.

Nikampigia mume wangu. Akacheka.

"Wewe na magemu yako. Mzee hajui kucheza, basi."

Nikamweleza habari ya sahani. Akasema atampeleka hospitali akirudi. Tangu hapo simu yake haipatikani.

Leo asubuhi nikamwomba jirani, Bi Zuhura fundi cherehani, aingie amshawishi mzee waende leo hii. Asili yao ni pwani na mambo yetu humshangaza. "Mkweo anaumwa, mwanangu, nawe unamsikiliza ukutani?" Aliingia. Alipotoka hakuwa na mzaha tena.

"Nimekaa kushoto kwake. Ananijibu, lakini macho yananitafuta kulia, kule dirishani. Hospitali hataki. Anasema haumwi macho, na wa kumpeleka ni mwanawe."

Leo mchana akawasha tena gemu. Nilivumilia nilivyoweza. Kisha lile zimwi la mlango wa pili likaanza kukoroma, kushoto, karibu kabisa, na mdomo ukanitoka wenyewe.

"Baba, geuka kushoto."

Nilikuwa sijawahi kumsemesha tangu niolewe.

Bunduki ikanyamaza. Nikasikia zimwi linammaliza, halafu runinga ikazimwa. Kikafuata kikohozi, nami nikajibanza nyuma ya mlango kama nilivyofundwa. Alisimama koridoni. Hakunisemesha mimi, aliisemesha nyumba.

"Nyumba hii imenitunza. Ndaga, nashukuru. Sasa mimi narudi kwangu Masoko."

Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, na aibu hiyo nimempa mimi.

Ningefanya nini? Nikimzuia namwongezea. Nikimwacha, ataivukaje barabara? Nikajitanda khanga, nikatoka nyuma yake. Alishika njia ya kituo cha magari ya Masoko, mfuko mkononi, akitembea taratibu. Mimi nikatembea kushoto kwake, karibu kiasi cha kusikia anavyohema. Upande mwingine wowote angeniona.

Baiskeli yenye mikungu ya ndizi ilishuka mtelemko ikimwelekea bega la kushoto. Nikaudaka usukani. Mwenye baiskeli akanitukana matusi ya kutosha, mzee akaendelea na safari yake bila habari.

Kituoni akapanda mbele, kwenye siti ya dirishani, dirisha likiwa kushoto kwake. Nilimvuta konda nyuma ya gari nikamwambia mzee huyu haoni kushoto, amshushe mwenyewe na amkabidhi kwa watu wa kwao. "Sawa, dada," akasema, huku macho yapo kwa abiria wengine. Nilitaka kupanda pia. Ningekaa wapi ndani ya gari lile asinione, asishuke kwa aibu palepale njiani?

Nikasimama nje ya dirisha lake.

Siku ya harusi nilifunikwa, sikumwona. Leo nimemwona. Ana kovu dogo kwenye nyusi na masikio ya mume wangu. Kioo kilikuwa wazi, mvua inamdondokea shavuni, naye haifuti. Ningenyoosha mkono ningemfuta. Nilimwangalia usoni mpaka gari likaondoka, na hakujua kuna mtu.

Nimempigia mume wangu tena kabla sijaingia humu. Haipatikani.

Kesho asubuhi napanda gari la Masoko. Nikifika mlangoni kwake, nisimame upande gani?