Kilichokuwa Kinagonga Kwenye Pikapu ya Mama

Mayu, mama yangu mpendwa,

Nimeujua ule mlio. Nakuandikia kucha zikiwa bado na oili, maana wewe ndiye mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka Mtendeni alfajiri kwenda Tura kununua asali? Pikapu ikigonga tik-tik-tik, na kila mwinuko ikikata pumzi. Ulibadilisha kabureta, ukabadilisha plagi, mafundi wakachoka nawe. Siku moja ulisimama njiani, ukafungua boneti, ukagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake ukauweka sikioni mwangu. "Sikiliza, binti yangu. Kuna kimoja humo kinalia peke yake." Nadhani ufundi wangu ulianzia pale.

Baada ya kukuzika, kaka Masanja alipata mnunuzi wa chuma chakavu.

"Mdogo wangu, hili gari limekwisha. Tuliuze."

"Niache nilifungue kwanza."

"Ukilifungua ndiyo litafufuka?"

"Sijui. Nataka tu kujua lilikuwa linaumwa nini."

Akaguna, akamwambia yule mtu asubiri.

Nikalivuta hadi gereji kwangu Kanyenye. Nikachomoa kamshafti, kile chuma kirefu chenye nundu zinazosukuma valvu zifunguke. Nundu zote zilikuwa nzima isipokuwa moja, imelika hadi inakaribia kuwa duara. Valvu yake haikuwa inafunguka ipasavyo, ndiyo maana nguvu zilikuwa zinatuishia njiani. Lakini kwa nini moja tu? Hapo sikutulia. Nikazigeuza tapeti, vile vikombe vidogo vinavyokaa juu ya nundu. Chini ya zile nzima alama zilikuwa za mviringo, kwa sababu tapeti huzunguka polepole inapofanya kazi. Hii ya nundu iliyolika ilikuwa na mfereji ulionyooka. Ilikwama, mama! Miaka yote ile ilikuwa inasugua palepale. Nikacheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka, kwa kuwa hukuwepo uione.

Kamshafti mpya ilikuja kwa treni kutoka Dar. Masanja alipita akakuta natupa tapeti zote.

"Hizi nyingine si nzima?"

"Ya zamani itaila nundu mpya, kaka."

Akaishika moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Halafu akavuta stuli, akakaa, akaanza kuzipaka grisi zile mpya.

Jana tulikwenda Tura, yeye akiendesha. Tulipanda miinuko yote bila kushusha gia. Habari ya mnunuzi hakuigusa, wala mimi sikumuuliza. Tulipokaribia stesheni ya Tura akapunguza mwendo, akazima redio.

"Huu mvumo wa huku nyuma ni wa nini?"

Labda difu, zile gia za ekseli ya nyuma, labda beringi ya gurudumu. Ametaka tulinyanyue gari Jumamosi, na ameniambia nisiguse kitu kabla hajafika.

Lala salama, Mayu.

Binti yako, fundi wa Kanyenye