Wimbo wa Tisa

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu, nyingi kuliko mashuka ninayofua kwa siku, na hayo yanafika mia tisa. Mimi ni mzima, mgongo tu unanung'unika. Sijui hali zenu. Simu yangu ilifuliwa pamoja na mashuka ya wodi ya upasuaji, ikatoka safi lakini imekufa, kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani.

Hapa ughaibuni, chumba cha kufulia cha hospitali sasa ni changu. Bila mimi daktari bingwa angepasua watu akiwa na singlendi. Nilimwambia hivyo naye akacheka, maana tunaelewana sana, ingawa lugha yao bado naisema kwa mikono.

Nasikia albamu ya marehemu kaka, baba yako, imetoka, nyimbo nane. Miaka miwili yuko chini ya udongo na bado anawatoa jasho walio hai. Watu wanasemaje? Ile ya nne, ya sita na ya saba wanazionaje? Nauliza tu.

Baba yako mdogo

29 Machi

Shikamoo baba mdogo,

Hatujambo, presha ya mama imeshuka kidogo. Pole na simu, na pole na mgongo.

Ajabu, nyimbo ulizouliza ndizo zinazogombaniwa. Wapenzi wa muziki wa baba hukutana kila Jumapili kwa yule fundi viatu aliyekuwa hakosi onyesho. Walipofika wimbo wa nne akazima redio, akauliza paja liko wapi. Unajua baba hakuweza kuimba bila kujipiga paja, na kwenye rekodi zake zote linasikika kwa chini, pa, pa. Hizo tatu hazina. Meneja anasema studio walisafisha sauti. Hakuna aliyemwamini, na wengi wamerudisha albamu dukani.

Iliniuma. Nikawapelekea ile flashi uliyonipa siku uliyosafiri, wimbo alioniimbia akiwa kitandani mgonjwa, anaponiita kwa jina langu la utotoni. Sijawahi kumsikilizisha mtu. Nilidhani wakimsikia yeye mwenyewe watatulia. Fundi viatu alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole mwanangu," akasema. "Na hii pia haina paja."

Baba mdogo, mimi wimbo huo nalala nao sikioni. Aliyerekodi ni wewe. Yule ni baba, au ni nani?

Binti yako

2 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Najua miezi miwili imepita. Kila barua niliyoianza na utani nimeichana, na utani ndio mlango pekee ninaoujua.

Ya nne, ya sita na ya saba nimeimba mimi. Kaka aliziacha na muziki tu. Meneja akanitumia muziki huo, akaniambia sisi wawili tuna koo moja. Kichwa kikavimba. Miaka ishirini nilikuwa mwitikiaji, hatua mbili nyuma ya kaka, na hakuna aliyewahi kuuliza yule wa nyuma anaitwa nani. Nikajifungia katikati ya marundo ya mashuka, maana yanameza mwangwi, nikaimba. Mkono mmoja karatasi ya maneno, mwingine nimeshikilia spika sikioni. Paja nikalisahau. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni nimesahau, fundi viatu akakumbuka.

Lakini yule wa kwenye flashi ni baba yako. Mkono alikuwa na dripu, paja angelipigaje? Naapa, ingawa najua kiapo changu sasa ni chepesi kuliko foronya. Wasomee barua hii wote. Nitukaneni, lakini yeye mrudishieni wimbo wake.

Baba yako mdogo

20 Juni

Baba mdogo, shikamoo.

Nimewasomea. Hakuna aliyekutukana. Fundi viatu alisema tu kwamba aliyeweza kuigiza tatu hashindwi kuigiza na hii ya flashi, akaendelea kushona. Nilitaka kumjibu, nikajikuta na mimi nawaza hivyohivyo. Tangu hapo nikiweka wimbo sikioni nasikia watu wawili.

Nakuomba kitu kimoja. Uimbe wimbo ule wote, kwa sauti yake, kadiri unavyoweza, unitumie. Nataka nisikie mwenyewe.

Binti yako

11 Agosti

Binti yangu,

Flashi imo ndani ya bahasha. Ningeweza kuimba vibaya makusudi ili tofauti ionekane upesi. Ujanja huo ninao, hata wa kuuza. Sikufanya. Nimemwimba kwa nguvu zangu zote, na mara hii hakuna aliyenituma ila wewe. Wenzangu wa kufulia walizima mashine wasikilize. Mmoja akauliza kwa ishara kama huyo anayeimba ni mimi. Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikakataa kwa kichwa hichohicho.

Nijibu hata mstari mmoja.

Baba yako mdogo

30 Novemba

Shikamoo baba mdogo,

Samahani kwa kimya. Mama anakusalimu.

Nimesikiliza zote mbili, tena na tena. Umeimba vizuri. Pale juu unafika bila kutetereka, na jina langu unalitamka moja kwa moja. Kwenye ile nyingine anafika katikati ya jina, pumzi inamwishia, anangoja, kisha analianza upya. Ulimwimba baba akiwa mzima wa afya. Yule alikuwa anakufa. Kwa hiyo ni yeye, nimejua, na ulisema kweli.

Wapenzi sikuwaambia. Jumapili hawakutani tena, na fundi viatu ameuza redio. Anasema amechoka kumtafuta mtu ndani ya sauti yake.

Flashi yako nimeirudisha, imo humu. Usidhani ni hasira. Wiki iliyopita niligundua kwamba siku tano mfululizo nilikuwa nasikiliza ya kwako tu, kwa sababu humo baba haumwi. Nikaogopa. Usinitumie tena sauti, baba mdogo. Niandikie tu.

Binti yako